Tuachiwe kiwanja chetu cha rede, na tuwekewe taa

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka 52, na fremu yangu ya kushonea iko Kinondoni, jijini Dar es Salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nieleze jambo lililonichukua miezi kadhaa kulipata, yaani pa kufanyia mazoezi karibu na nyumbani, na ambalo sasa tunakaribia kulipoteza, mimi na wanawake wenzangu 17 wa mtaani kwetu.

Kazi yangu ni ya kukaa. Nafungua saa 2 asubuhi, nafunga saa 1 jioni, na msimu wa sare za shule na wa Idi nafunga hadi saa 4 usiku. Zamani cherehani yangu ilikuwa ya kukanyaga, miguu ikienda kutwa nzima. Tangu nilipofunga mota miaka 6 iliyopita, mguu mmoja tu ndio unaogusa pedali, tena kidogo. Kazi imekuwa nyepesi, mwili umekuwa mzito. Futi ninayopimia wateja ndiyo niliyojipimia mwezi wa Februari: kiuno inchi 44. Wiki hiyohiyo nilipima presha, nikaambiwa ni 158 kwa 96.

Daktari aliniandikia vidonge, ambavyo nameza hadi leo, akanikanya kuhusu chumvi, kisha akanipa kazi: mazoezi ya wastani yasiyopungua dakika 150 kwa wiki. Nilikuja kujua kuwa hicho ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima, pamoja na mazoezi ya kutia misuli nguvu siku 2 au zaidi kwa wiki. Nilimuuliza nitajuaje kama ni ya wastani. Akanijibu, "Mama, ukiweza kuongea lakini ukishindwa kuimba, hapohapo ndipo." Niligawa dakika 150 kwa siku 5 nikapata nusu saa. Nusu saa kwangu ni kupinda suruali moja na kuitia zipu. Nikaona naiweza. Kilichobaki ni kujua pa kuyafanyia.

Nilianzia jimu, kama wengi wanavyoanza. Ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la maduka, na nililipa shilingi 60,000 za mwezi mzima siku ya kwanza. Kijana aliyenipokea alikuwa mchangamfu, lakini hakuniuliza umri wangu, hakuniuliza presha, hakuniuliza kama nina goti linalosumbua. Alinisimamisha mbele ya sanduku la mbao lililofika chini kidogo ya goti langu, akaniambia niruke juu, nishuke, niruke tena, mara 20. Siku ya tatu goti la kulia lilivimba hadi dera likawa linanibana nikikaa. Niliporudi kuomba nipewe zoezi jingine au nirudishiwe pesa ya siku zilizobaki, nilijibiwa kuwa pesa ikishaingia haitoki. Sitaitaja jimu hiyo, maana sitaki ugomvi. Lakini ninalotaka kuwaambia walimu wa mazoezi wa mji huu ni hili: mimi sikati kitambaa cha mteja kabla sijampima. Kitambaa kikiharibika nitanunua kingine Kariakoo. Goti la mtu hulipati Kariakoo. Muulizeni kwanza.

Nilikaa wiki 3 nikipaka dawa ya kuchua. Hapo ndipo ikaja oda ya fulana 45 za klabu moja ya jogging, nyeupe zenye mkanda wa kijani begani. Kila mwenyeji wa Dar es Salaam anazijua klabu hizi, maana Jumapili alfajiri ndizo zinazomwamsha. Wakati napima mabega ya wanachama, niliona kina mama wa rika langu, wengine wakubwa kuliko mimi. Nikawauliza kama mwenye goti bovu anapokelewa. Wakacheka kwa furaha, mmoja akaniambia, "Dada, sisi wa nyuma hatukimbii, tunafuata wimbo."

Basi Jumapili iliyofuata, saa 11 na nusu alfajiri, nilikuwa barabarani na fulana niliyoishona kwa mikono yangu. Mbele kabisa yuko kijana mwenye bendera nyekundu anayesimamisha magari. Nyuma yake mwimbishaji na filimbi yake, halafu vijana, halafu watu wazima, halafu sisi. Mwimbishaji anatoa, kundi linapokea, na nyayo zinashuka pamoja kama mchakamchaka wa shule ya msingi. Nilistaajabia namna lile jambo linavyofanya kazi: ukiona huwezi kupokea wimbo, ujue umekwenda kasi kupita pumzi yako, unapunguza. Daktari alinieleza kwa maneno, klabu ilinionyesha kwa miguu. Tulikwenda kilomita 6 nami sikuhisi.

Klabu hizi si za kukimbia peke yake. Tunachangia shilingi 2,000 kila wiki. Jirani yangu alipofiwa na mumewe mwezi wa Juni, waliofika wa kwanza na turubai, mchele na mikono ya kupika walikuwa watu wa fulana nyeupe. Klabu rafiki zinatembeleana, linaandaliwa bonanza, watu wanapimwa presha na sukari papo hapo uwanjani. Nazipenda kwa moyo wote, na bado ni mwanachama. Ila Jumapili ni moja kwa wiki, na mimi nilijipangia siku 5.

Nikaenda Daraja la Tanzanite. Tangu lilipofunguliwa mwaka 2022 limekuwa sehemu ya mazoezi ya watu wengi, na si ajabu: lina njia ya waenda kwa miguu, upepo wa bahari unakupiga usoni, na jua linachomoza mbele yako ukitazama upande wa maji. Daraja lenyewe ni kama kilomita moja. Ukianzia upande wa Coco Beach ukaenda hadi upande wa Hospitali ya Aga Khan na kurudi, zimetimia 2. Nilikwenda mara 4. Ninakokaa mimi, bodaboda ya alfajiri kwenda na kurudi ni shilingi 6,000, na saa 2 lazima niwe nimefungua fremu. Mara ya 4 nilipiga hesabu nikaona nalipa nauli ili nitembee bure. Nilipita pia Mlimani, Chuo Kikuu, nikapanda kile kilima taratibu hadi Ukumbi wa Nkrumah, chini ya miti, tumbili wakinitazama. Hewa ya pale ni safi mno, nawashauri walio jirani wasiache. Kwangu mimi ni mbali.

Mteja wangu mmoja, niliyemshonea gauni la kutolea posa bintiye, alinilipia darasa la yoga Masaki kama zawadi. Lilikuwa shilingi 25,000 kwa saa moja. Nilidhani sitaelewana na mwalimu, kumbe alikuwa mtu mpole sana. Aliniwekea mto chini ya goti kabla sijamwambia, kwa kuniona tu nilivyokaa. Alinifundisha kuvuta pumzi kwa pua hadi tumbo lijae, kuishika kidogo, kisha kuitoa polepole kuliko nilivyoivuta, na kunyoosha shingo kila upande. Hilo nimerudi nalo kazini. Kila nikimaliza nguo moja nazima mota, nashusha mabega, navuta pumzi 10, ndipo nichukue nyingine. Maumivu ya shingo niliyokuwa nayo miaka yamepungua sana. Kwa pesa ile sikuweza kurudi, lakini namshukuru mwalimu yule.

Aliyenifikisha ninapotaka kufika ni kijana wa jimu nyingine, ya uani, nyuma ya banda la fundi magari huko Manzese. Vyuma vyao wamejitengenezea wenyewe: bomba la chuma, na kila mwisho kopo la rangi lililomiminwa zege. Benchi ni mbao za kazi ya ujenzi. Nilikwenda kumpelekea bukta alizoniagiza, nikasimama kutazama. Akaja, "Shikamoo mama, umekuja kunyanyua?" Nikamwitikia, nikamwambia habari ya goti na presha. Huyu hakuwa na cheti ukutani, lakini alinikalisha akaniuliza maswali yote ambayo sikuulizwa ghorofani. Akaokota chupa mbili za maji za lita moja na nusu, akaniambia nizijaze mchanga. "Anza na hizi mama. Kaa kitini, inuka bila kushika, mara 10. Halafu nyanyua chupa, mara 10. Ukiona kizunguzungu acha, na pumzi usiibane."

Nilichuchumaa kujaza ile chupa. Mchanga ulipita kwenye tundu, ukatoa ule mlio wake mwembamba, nikasukasuka chupa ushuke, nikaongeza, nikafuta mdomo wa chupa kwa kiganja. Mkono wangu ulikuwa unajua kazi ile. Nilisimama na chupa mkononi nikiwa na miaka 10.

Rede, Mhariri. Wanawake watakaosoma barua hii watakuwa wameshajua. Kwa ambaye hajui: wawili wanasimama huku na huku, wanarushiana mpira wa soksi uliosokotwa vizuri, na kati yao wapo wenzao wanaokwepa. Chupa inasimama katikati. Ukiwa kati unatakiwa uijaze mchanga huku unauangalia mpira. Unachota, unakimbia, unainama, unageuka, unaruka pembeni, unarudi kuchota. Ukiguswa na mpira umetoka. Tulicheza kila jioni mpaka mama zetu walipotuita kwa majina na ya ukoo. Kisha tukavunja ungo, tukaambiwa tumekua, tukaacha siku moja. Hakuna aliyeniambia kuwa siku ile naacha mazoezi ya maisha yangu.

Niliporudi mtaani nilimwambia jirani yangu anayeuza chapati. Alinyamaza, akatupa kitambaa begani, akasema, "Mpira nasokota mimi." Jumanne ya kwanza tulikuwa 5, kwenye kiwanja cha mtaa, saa 11 jioni. Goti langu nililifunga bandeji, na tulikubaliana mwenye maumivu hakimbii, anarusha. Baada ya robo saa nilijaribu kuimba, sikuweza. Kuongea niliweza, maana nilikuwa nalalamika kuwa mpira haukunigusa. Nilimkumbuka daktari. Wiki ya 3 tulikuwa 11. Sasa tuko 18: wauza mboga, mwalimu mmoja mstaafu, mama wa mapacha anayekuja nao wakakaa juu ya kanga pembeni, na bibi mmoja wa miaka 67 ambaye kazi yake ni kurusha tu, na shabaha yake hatuna wa kuishinda. Tunatanguliza kutembea kuzunguka kiwanja dakika 10, tunacheza nusu saa, tunamalizia na chupa za mchanga na ile pumzi ya yoga. Hakuna anayelipa senti. Wanaojisitiri wanacheza na baibui zao, wamefunga mkanda kiunoni, hakuna anayewasumbua, kwa sababu kila anayepita pale anatujua na kutuamkia.

Mwezi wa Oktoba nilipima tena: 136 kwa 84. Vidonge sijaacha na simshauri mtu aache. Futi inasema inchi 40 na nusu. Muuza chapati, mwenye kisukari, naye daktari wake amemwambia aendelee hivyohivyo.

Sasa nifike kwenye kilio chetu. Kiwanja kile vijana wamecheza chandimu tangu nilipohamia hapa mwaka 1996. Hapo ndipo maturubai ya misiba na harusi husimama. Wiki 5 zilizopita lori lilimwaga kokoto upande wa barabara. Wiki iliyofuata yakaja magari mawili mabovu, yakawekwa juu ya matofali. Tulipouliza, tulielezwa kuwa kiwanja kitakodishwa kwa maegesho ya magari usiku na mchana, mtaa upate mapato. Hatukuitwa mkutanoni. Nilichukua futi yangu, nikaenda na muuza chapati, tukapima kilichobaki: mita 13 kwa 8. Kwa rede tunahitaji mita 20 za urefu ili warushaji wawe mbali na mpira usiwafikie wapita njia. Jumanne iliyopita mama mmoja alikwepa mpira akaparamia kokoto, akachubuka mikono yote miwili na paji la uso. Nilimsafisha mwenyewe fremuni kwangu. Alhamisi hakuja.

Najua mtaa unahitaji pesa. Mimi pia nalipa kodi ya fremu na michango ya mtaa. Lakini naomba hesabu ipigwe yote. Wanawake 18, karibu nusu wana presha au sukari. Vidonge, nauli za kliniki, siku ya kazi inayopotea kwenye foleni, hivyo navyo ni pesa, ila havionekani kwenye daftari la mapato kwa sababu vinatoka mfukoni kwa kila mtu nyumbani kwake.

Nakumbuka Desemba 2016, Rais Samia akiwa bado Makamu wa Rais, alipozindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Lilikuwa jambo jema, na mimi nilikuwa mmoja wa walioliona kwenye runinga wakasema, hayo ni ya wengine. Nakumbuka pia Septemba 2025, Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, ya kwanza kwa nchi yetu; fremuni kwangu wateja walilia. Na sasa tunajiandaa kwa AFCON 2027, Arusha inajengwa uwanja mkubwa. Nafurahia yote. Lakini Jumamosi moja kwa mwezi ni siku 12 kwa mwaka, na uwanja wa Arusha mimi sitatia mguu. Nimezunguka mji huu nikitafuta dakika 150. Nilizikosa ghorofani, nikazikosa darajani na Masaki, si kwa ubaya wa mazoezi ya huko bali kwa umbali, bei na muda. Nimezipata hatua 90 kutoka mlangoni kwangu.

Kwa hiyo ninawaomba viongozi wa mtaa na wa kata yetu, ambao naamini watajitambua wakisoma, wazoe kokoto, waondoe magari yale, na waite mkutano wa wakazi kabla ya kukodisha hata kipande kimoja. Kama maegesho ni lazima, yaanze saa 2 usiku, sisi tukiwa tumeshaondoka, na yaishe saa 12 asubuhi.

Ombi la pili ni taa. Miezi hii kiza kinaingia mapema kabla ya saa 1, na wanaofunga biashara saa 12 jioni wanakosa. Hatuombi taa za uwanja wa mpira. Taa 2 za sola zinatosha, moja kila upande. Tumeshachanga shilingi 85,000 kwa ajili ya nguzo, na mume wa mwenzetu mmoja ambaye ni fundi umeme ameahidi kuzifunga bila malipo. Tunachosubiri ni ruhusa, na tumeandika barua ambayo haijajibiwa hadi leo, siku 19.

Na wanawake wa mitaa mingine wanaonisoma, kama kiwanja chenu bado kipo, kipimeni wiki hii, muandike vipimo vyake na kuvihifadhi. Sisi hatukuwa navyo, ndiyo maana mtu anaweza kutuambia leo kwamba hakikuwa kikubwa hivyo.

Jumanne tutacheza kama kawaida, saa 11 jioni, kwenye hizo mita 13. Mpira mpya umeshasokotwa. Kwenye kokoto nimeshona gunia refu la kuzifunika, na bibi yetu wa miaka 67 atasimama upande huo ili asiwepo mwingine wa kuanguka.

Fundi cherehani,
Kinondoni, Dar es Salaam